Washenga Wameitiwa Mwizi Mlangoni Kwetu

Leo nimeaibika, jamani. Na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, kupitia spika.

Nianze mwanzo. Wiki iliyopita, mchana kweupe, mtu aliingia sebuleni kwetu hapa Utemini akabeba redio ya baba. Sisi wote tulikuwa uani tunapepeta alizeti. Mimi fundi simu (fundi hasa, msinidharau) nikasema haitatokea tena. Nikafunga kitaa upande mmoja wa mlango wa mbele, kama kile cha kwenye rimoti, mwanga wake hauonekani kwa macho. Upande wa pili nikaweka kidude cha kuupokea. Mtu akiukatiza ule mwanga, spika inapiga kelele. Spika yenyewe ni ile ya wauza karanga, unarekodi maneno yako. Nikarekodi: "Mwizi! Mwizi! Rudi ulikotoka!"

Nikaijaribu kwa kuku. Kuku alitoka nduki. Nikajipongeza.

Sasa leo ndiyo siku wazee wa mchumba wangu Elia wanaleta barua ya posa kutoka Mkalama. Miaka mitatu nimeisubiri hiyo barua! Asubuhi mama akaniingiza chumbani, nywele zimesukwa nusu. "Usitoke mpaka uitwe. Binti anayechungulia washenga hana adabu." Nikatulia. Sisi wa nyumbani tunapita mlango wa uani, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka mtego wangu. (Hata mimi. Hasa mimi.)

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibuni!"

"MWIZI! MWIZI! RUDI ULIKOTOKA!"

Kosa langu ni kwamba mtego niliutengeneza kwa mtu anayepita mbio. Sikumfikiria mzee wa Kinyiramba anayesimama katikati ya mlango hadi salamu ziishe. Mjomba wake Elia, ndiye msemaji wao, hakusogea hata hatua. Kasimama, kofia mkononi, anauliza habari za mvua, za mifugo, za watoto, na mimi namfukuza kwa spika. Baba anaitikia kwa kupaza sauti. Mara jirani yetu Mama Zuhura akafika mbio na mchi wa kutwangia. "Yuko wapi?"

"Mama," mzee akamwambia, "mimi sijaiba. Nimekuja kuomba."

Hapo nikaona barua yangu inarudi Mkalama! Nikafungua chumba, nikakimbia na nusu nywele zangu, nikajitupa chini miguuni pa mgeni, nikang'oa waya. Kimya. Niko sakafuni, waya mkononi, sebule nzima inanitazama.

"Shikamoo," nikasema. (Ningesema nini?)

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Sauti ndiyo hiyo hiyo."

Mama kafunika uso kwa khanga. Mimi nasubiri waage waondoke. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka Mama Zuhura akaweka mchi chini na kumletea kiti. "Nyumba hii inajua kulinda vitu vyake," akasema. "Elia apewe huyu huyu."

Baba kaipokea barua! Naandika hapa machozi yananitoka, jinsi nilivyopumua siwezi kueleza. Mzee anataka nikamfungie mtego kama huo kwenye ghala lake la alizeti, ila kasema maneno atarekodi mwenyewe.

Nawaomba msicheke. Atakayecheka, siku ya sherehe apitie mlango wa mbele.