Kipengele cha Saba, Barabara ya Njia Sita

Jumatatu, 3 Machi

Barabara mpya ya njia sita itafunguliwa Jumamosi, tarehe 22. Amesema mhandisi mkuu, leo saa nne, mbele ya walimu wote wa udereva wa eneo hili. Tulikuwa watano. Akasema haogopi lami, anatuogopa sisi: madereva wa hapa wanaendesha kana kwamba wako uani kwa baba yao. Kwa hiyo shule moja itateuliwa kuwafundisha wote upya. Moja tu. Walimu watapimwa kwanza, kwenye barabara yenyewe, tarehe 19.

Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii, gari moja, na ofisi yenye dirisha linalofunguka nusu. Wanafunzi wawili. Mmoja ameacha kupokea simu. Nikikosa uteuzi huu, shule nafunga.

Mama Vioo alikaa safu ya mbele. Alikuwa mwanafunzi wangu. Jina hilo nilimpa mimi, maana haondoi gari mpaka atazame vioo vyote vitatu, kisha avirudie. Nilimfelisha mara tatu. Sasa ana shule yake, na magari manne. Akanisalimia shikamoo mwalimu, kwa sauti ya kufika mlangoni. Heshima ya kunizeesha mbele za watu.

Jumatano, 5 Machi

Njia imepatikana. Mhandisi anaogopa tabia za madereva? Nitampelekea tabia hizo kwenye karatasi, pamoja na picha. Picha za magari ya Mama Vioo.

Saa moja hadi saa sita nilisimama kwenye mzunguko wa sokoni, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, simu mkononi. Fundi akaniuliza namvizia mke wa nani. Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema bwana wa dada yake naye alianza na utafiti, sasa analala kwa mama yake.

Magari ya Mama Vioo yalipita mara kumi na moja. Niliyapiga picha yote. Yalipunguza mwendo, yakatoa ishara, yakapita. Upuuzi mtupu. Waliokosea ni kumi na wanne wengine: aliyezunguka kinyume, aliyesimama katikati kumsalimia shangazi yake, aliyepitiliza akarudi rivasi. Tisa kati yao nimewafundisha mimi. Wa tisa alinipungia mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti imekamilika. Kurasa sita, vipengele kumi na viwili. Picha nimeziacha, hazisaidii.

Mke wangu ameichapa kazini kwao wakati wa mapumziko. Alipoileta akauliza tena lini nitamfundisha kuendesha. Ni mwaka wa kumi na tisa anauliza. Nikamwambia gari ni la kazi. Akasema haya, baba watoto. Hakununa. Ningeshtuka pale pale, lakini nilikuwa nasoma kipengele cha saba.

Kipengele hicho ndicho ninachojivunia. Kinamhusu dereva anayemulika taa kuwaonya wenzake kwamba mbele kuna trafiki. Nimeandika kuwa huyo ni adui wa sheria, apokonywe leseni papo hapo bila kuonywa.

Jumatatu, 10 Machi

Mhandisi amepiga simu mwenyewe. Anasema hajawahi kusoma maandishi makali namna ile kutoka kwa mtu wa hapa. Vipengele vyangu vyote kumi na viwili vimefanywa fomu ya kupimia walimu.

Nikaitangazia nyumba nzima. Shemeji yangu, anayeendesha lori, alikuwa amekuja kula. Akasema kumbe nimejitungia mtihani, nikianguka nisimtafute mchawi. Nikamwambia chakula kinapoa. Akasema hata mimi nitapoa, tusubiri tarehe 19.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezikuza zile picha za mzungukoni, nikitafuta walau kosa dogo. Picha ya nane: gari jeupe la Mama Vioo, limesimama nyuma ya mstari, sawasawa. Kwenye usukani mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Nakijua kilemba kile. Huanikwa dirishani kwetu.

Nimemuuliza mke wangu. Akasema ndiyo, wiki ya tano sasa. Nikamuuliza kwa nini kwa yule, kati ya watu wote. Akasema Mama Vioo hafoki.

Nimelala sebuleni. Kwa hiari yangu.

Jumatano, 19 Machi

Nimepimwa. Mkaguzi kiti cha pembeni na fomu yangu magotini. Mama Vioo kiti cha nyuma, akisubiri zamu. Kilomita kumi na moja bila kosa. Nilitazama hata vioo, ingawa mara moja moja.

Kilomita ya kumi na mbili, chini ya daraja, trafiki wawili wamejibanza nyuma ya nguzo wakijaribu mashine yao mpya ya kupima mwendo. Upande wa pili linakuja gari moja, mbio. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Taa kubwa, mara mbili.

Mkaguzi akauliza namwonya nani. Nikasema nimesalimia. Akafungua fomu akasoma kipengele cha saba kwa sauti, pamoja na adui wa sheria. Akasifu lugha. Kisha akaniomba leseni zangu zote mbili, ya udereva na ya ualimu, na nihamie nyuma.

Lile gari lilikuwa la mkuu wa trafiki. Alipunguza mwendo, akamulika kunishukuru. Yeye hakuulizwa kitu.

Mama Vioo ndiye aliyeturudisha. Alitazama vioo mara mbili. Katika kimojawapo nilikuwemo mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Barua mbili mezani. Ya mke wangu: amefaulu, mara ya kwanza. Yangu: shule iliyoteuliwa ni ya Mama Vioo. Leseni zangu zitafikiriwa baada ya masomo kumi ya lazima, katika shule hiyo.

Mke wangu akasema si vibaya, atanipitisha akienda kazini. Kwa gari langu. Amekwisha kusogeza kiti mbele na kugeuza vioo.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa liko kwa wakaguzi. Ripoti ya pili nimeianza leo, vipengele ishirini, na humo nitaonyesha pia kwamba Mama Vioo hajui kufundisha. Ushahidi nitaukusanya darasani.

Somo la kwanza ni Jumatatu, tarehe 24, saa mbili asubuhi. Nitafika saa moja na nusu, nikae kiti cha mwalimu kabla hajakikalia.