Kamati ya Kutokomeza Magonjwa kwa Njia ya Mstari

Magonjwa yamefutwa katika shule yetu. Tangazo lilitolewa na Mkuu wa shule mwenyewe, paredini, kwenye jua kali, na wanafunzi wawili walianguka na kuzimia. Mkuu alieleza kwamba ni kwa furaha.

Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa kamati iliyolifanikisha jambo hilo, kwa hiyo naomba nieleze lilivyokwenda, vizazi vijavyo visije vikadhani lilitokea hivi hivi tu.

Mkuu alirudi kutoka semina akiwa na mkoba mpya, kofia mpya na neno jipya. Neno lenyewe lilikuwa uwiano. Alitufafanulia kwamba ukiona vitu viwili vinapanda pamoja na kushuka pamoja, basi vina uwiano, na vikiwa na uwiano, kimoja ndicho kinachosababisha kingine. Mwalimu wa hesabu alitaka kuuliza kama hiyo sehemu ya mwisho ilifundishwa huko semina au ilipatikana njiani. Alianza kwa kukohoa. Mkuu akamtazama. Kwa kuwa kikohozi nacho ni ugonjwa, mwalimu akaacha.

Kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Mkuu alikuwa mwenyekiti, mwalimu wa hesabu alikuwa mjumbe asiye na swali, na mimi nikawa mwakilishi wa wanafunzi na Katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sura ya mtu anayesikiliza. Kazi yetu ilikuwa kutafuta chanzo cha magonjwa shuleni. Hatukwenda mbali. Kila palipokuwa na wagonjwa, palikuwa na Sista.

Sista ni muuguzi wetu. Ana chumba kimoja nyuma ya maktaba, chenye vitanda viwili, kabati la dawa na benchi lililopoteza mguu, likaegemezwa kwenye tofali. Utafiti ulionyesha kwamba siku Sista anapofanya kazi sana, wagonjwa ni wengi. Siku anapofanya kazi kidogo, wagonjwa ni wachache. Na alipokuwa likizo, chumba hakikupokea mgonjwa hata mmoja. Mwalimu wa hesabu alinong'ona kwamba wakati wa likizo hiyo mlango ulikuwa na kufuli. Kamati ililijadili suala la kufuli kwa kina na kuona kwamba haliingii kwenye mchoro.

Sista aliitwa ajitetee.

"Sista," Mkuu alianza, "wanafunzi wanaoumwa wanaonekana wapi?"

"Kwangu, Mkuu."

"Na wasioumwa?"

"Hao siwaoni."

Mkuu akanigeukia. "Katibu, andika. Amekiri."

"Mkuu jamani! Wanakuja kwangu kwa sababu wanaumwa. Hawaumwi kwa sababu wanakuja kwangu!"

"Hayo ni maoni yako, Sista, na tunayaheshimu. Lakini nukta ni nukta." Akamwonyesha mchoro wangu kwenye karatasi ya manila. Nukta zilipanda kutoka kushoto kwenda kulia kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula, na katikati yake nilipitisha mstari kwa rula.

Sista aliutazama kwa muda. "Umechora vizuri, mwanangu," akaniambia. Nilitamani anitukane.

Iliamuliwa aondoke Jumamosi, Bodi ya shule ikishathibitisha. Mkuu hakuingoja Bodi; kesho yake alitangaza paredini kwamba magonjwa yamefutwa. Ufunguo wa kabati la dawa angekabidhiwa mtunza stoo, mtu makini sana, ambaye kila siku mchana huenda kwake na funguo zote mfukoni na harudi mpaka kesho yake.

Hapo ndipo Kijiko alipoanza kuwa na maoni. Kijiko analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Ni mwembamba, ana pumu, na kifua kikimbana husikika kama birika linalokaribia kuchemka. Kibomba chake cha kuvutia dawa kinakaa kwa Sista, kwa sababu kikikaa bwenini wajinga hukifanya filimbi. Siku ya tangazo, mmoja wa wale wawili waliozimia kwa furaha alikuwa yeye. Sista alimbeba mgongoni.

"Katibu," aliniambia tulipokuwa tunafua, "kifua kikinibana jioni, nitakiambia nini? Kisubiri mtunza stoo?"

"Kamati inaamini hakitabana. Sista hatakuwepo."

"Acha utani. Si wewe ndiye unayechora hiyo michoro?"

"Ndiye mimi."

"Basi chora na mwingine, bwana!"

Nilitafakari ombi hilo na kuliona liko ndani ya majukumu ya Katibu. Ijumaa nikachora mwingine. Naomba ieleweke kwamba sikupindisha hata nukta moja. Wagonjwa walikuwa wale wale, wiki zilikuwa zile zile. Nilibadilisha kitu kimoja tu, kile kinachohesabiwa na kuandikwa chini ya mchoro, na maandishi yake nikayafunika kwa kipande cha karatasi na gundi.

"Hicho cha nini?" Mkuu aliuliza asubuhi ya Jumamosi.

"Ni kulinda heshima ya mtumishi anayehusika, Mkuu. Mpaka Bodi iamue."

"Umekomaa, kijana," akasema, na akanipigapiga bega.

Mwenyekiti wa Bodi ana duka la mabati na saruji. Alikuja amevaa suti, funguo za gari mkononi, maana alikuwa na harusi ya mpwa wake na tayari alikuwa amechelewa. Sista alikaa karibu na mlango, begi lake miguuni.

"Mstari unapanda au haupandi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Unapanda, mzee wangu," Mkuu alisema. "Tazama ulivyonyooka! Huu umenyooka kuliko hata ule wa kwanza."

"Sasa tunangoja nini? Kilichoandikwa hapo chini kiondoke shuleni leo leo. Anayekubali?"

Mkuu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na aliunyoosha wote. Azimio likapita. Nikabandua karatasi.

Chini ya mchoro palisomeka: *Siku ambazo Mkuu yupo shuleni.*

Mkuu akatoa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa, na fupi kuliko zote.

"Hapana! Ngojeni! Mimi kuwepo na watoto kuumwa vinaweza kwenda pamoja bila mimi kuwaumiza! Huo ni uwiano tu, si sababu! Lazima kuna kitu cha tatu katikati!"

Mwalimu wa hesabu aliinuka kitini kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Kitu gani hicho, Mkuu?"

"Kama vile... nikiwepo kuna paredi. Kuna jua. Watoto wanasimama muda mrefu. Ni jua hilo!"

"Na paredi anaiitisha nani?"

Mkuu alifungua mkoba wake mpya, akaanza kupekua karatasi za semina.

Mwenyekiti alicheka mpaka funguo zikamdondoka. "Sasa sikilizeni. Maneno aliyosema Mkuu kujitetea, si ndiyo yale yale ya huyu mama? Haya, Sista, rudisha begi lako ndani."

Sista hakungoja kuambiwa mara ya pili.

"Ila wewe, Mkuu," Mwenyekiti aliendelea, "umesema michoro haitoshi. Nimekubali. Basi tujaribu. Sista abaki, wewe pumzika nyumbani kwako wiki mbili, tuone."

"Mzee wangu, mimi?"

"Si ulinyoosha mkono wewe mwenyewe? Mimi nawahi harusi."

Hivyo ndivyo sayansi ilivyoingia shuleni kwetu. Paredi sasa inaongozwa na mwalimu wa hesabu na inamalizika kabla kivuli cha mlingoti hakijasogea. Kijiko anapita kwa Sista kila jioni, anavuta dawa yake, anapiga naye soga, anarudi bwenini akitembea kwa miguu yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa karibu kwisha na benchi la Sista halijakaliwa na mgonjwa mpya, mpaka Ijumaa. Nilikuwa nimekwenda na manila yangu kukusanya takwimu, nikamkuta Mkuu amekaa upande wa tofali, amevua kofia, ameshika kichwa. Nyumba yake inatazama uwanja wa paredi, na alikuwa amechungulia dirishani wiki nzima, akitazama paredi zikienda bila yeye.

Sista alimpa vidonge na kikombe cha maji. "Meza, Mkuu. Usikae na mawazo."

Mkuu alimeza. Halafu akaniona na kalamu yangu.

"Kijana," alisema taratibu, "hii usiiweke. Watasema nimekanyaga shuleni siku moja tu, na mgonjwa akapatikana."

Nilimsikitikia kwa dhati. Lakini alinifundisha kazi yeye mwenyewe.

"Samahani, Mkuu," nikamwambia. "Nukta ni nukta."