Ufunguo wa Ghala na Ndoo Mbili za Pombe

Matai, Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama Coleta,

Nimeliona daftari lako la mayai ya kuku. Umeandika kurasa tisa tu, nyingine zote nyeupe. Ni hasara kuacha karatasi nzuri hivi. Naendelea mimi.

Leo nimechelewa kazini. Si kosa langu! Noah ya Ignasi haiondoki Matai mpaka ijae, na leo imejaa saa mbili. Nimefika Majengo, huko mjini, saa tatu na nusu. Wakulima wamekaa kwenye ngazi za duka, wanasubiri mbolea, na ufunguo wa ghala ninao mimi. Bertilla, mwenye duka, hakunigombeza. Ametazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akatazama saa tena. Bora angenigombeza. Kisha akasema nikichelewa mara tatu, ufunguo anapewa Clemens.

Clemens! Amepanga chumba nyuma ya duka. Anakuja kazini na ndala, mswaki mdomoni, na anasifiwa ana bidii. Mimi naamka saa kumi, naoga maji ya baridi, nasafiri kutoka wilaya nyingine, naitwa mzembe.

Jumanne, 4 Februari

Coleta amepiga simu kutoka Mbeya. Anasema, baba, panga chumba mjini, nauli yako ya mwezi ingelipia vyumba sita. Nimemwambia hiyo ni hesabu ya kitoto.

Jioni nimepiga hesabu ya mtu mzima. Upande wa safari nimeandika nauli. Upande wa chumba nimeandika kodi, maji, mkaa, mboga za kununua, redio ya jirani, na chumvi ambayo Clemens angekuja kuomba kila jioni. Nauli bado imezidi. Nikaongeza kunguni. Imezidi. Nimechana ukurasa.

Kumbe kwa nyuma kulikuwa na mayai yako ya Novemba. Nimeyanakili upya. Kumi na manne. Usihesabu kwamba yamepotea.

Alhamisi, 6 Februari

Safari ya bure! Kija, jirani yetu mfugaji, alikuwa anapeleka ng'ombe mnadani kwa fuso. Nimepanda alfajiri nikijiona mwerevu kuliko Matai yote.

Katikati ya njia dume moja likalala, wenzake wakaanza kulikanyaga. Kija akasimamisha gari. Tukalivuta mkia, mimi na yeye, na mimi nimevaa lile shati jeupe ulilonishonea Pasaka. Dume halina haraka. Halina Bertilla.

Nimefika saa nne. Mara ya pili. Clemens alifungua madirisha yote, akanipa shikamoo ya heshima kabisa, kisha akauliza mbele ya wateja: "Mzee, leo tunauza na samadi?"

Wamecheka mpaka mtu akaangusha mfuko wa mbegu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepata jibu. Tatizo si umbali wala nauli. Tatizo ni Ignasi. Dereva akikupenda, anaondoka hata viti vikiwa wazi. Na nani asiyempenda mtu aliyemnywesha pombe ya ulezi?

Nimemwagiza Mary, yule jirani mpika pombe, ndoo mbili za Jumapili. Akauliza ni za nini. Sikutaka kutoa siri. Nikasema nataka watu waje kwangu. Mary akatazama nyuma ya nyumba, kwenye shamba lako, ambako nyasi sasa zinanifika kifuani. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Umefanya vizuri, baba. Nitawaambia."

Mwanamke mwelewa sana.

Jumapili, 9 Februari

Mafanikio! Nilimtarajia Ignasi na watu wawili watatu wa kumsindikiza. Wamekuja kumi na saba. Kija naye amekuja. Wamekunywa, wamekusifu, wameimba. Ignasi amenishika mkono wakati wa kuondoka, akasema kesho alfajiri, mzee wangu, usiwe na wasiwasi wowote.

Jambo moja sikulielewa. Kija alikwenda nyuma ya nyumba akapima shamba kwa hatua, akarudi akanong'onezana na Ignasi. Labda ana ng'ombe wa kulisha.

Jumatatu, 10 Februari

Hasira! Nimekaa barabarani toka saa kumi na moja, begi mapajani, ufunguo mfukoni. Saa kumi na mbili. Saa moja. Noah haipo. Nikarudi nyumbani kuchukua simu, nikasikia majembe.

Noah imeegeshwa uani kwangu! Ignasi yuko shambani bila shati, na abiria wote wa kila siku wako pamoja naye, wanalima. Nimemuuliza gari vipi. Ameniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Baba, jana tumekunywa pombe yako. Leo tufanye nini kama si kulima?"

Na mimi Mfipa, nimezaliwa hapa, nikasahau! Pombe ya kualika watu ni ya shamba. Lakini nitakumbukaje? Miaka thelathini na moja mwaliko ulikuwa wako. Wewe ulimwendea mpika pombe, wewe ulichagua siku. Mimi nilikuta watu shambani, nikachukua jembe.

Nimempigia Bertilla. Nimeanza kueleza habari ya gari bovu. Akasikiliza kelele za majembe, akauliza kama pombe ilinyweka jana. Nikakiri. Akasema mwenye shamba haondoki watu wakiwa wanamlimia, hata yeye analijua hilo, nikae. Nikashukuru. Akasema lakini hiyo ni mara ya tatu, na Clemens yuko njiani na pikipiki kufuata ufunguo.

Clemens amefika saa tatu, matope mpaka kwenye nyusi. Mary akamwambia hakuna anayepita watu wanaolima bila kulima. Akasema yeye ni mtu wa ofisi. Akapewa jembe. Amelima na viatu vyake vya mjini mpaka saa sita, na ghala limefungwa! Nimefurahi kidogo. Kisha nikampa ufunguo.

Walipoondoka nimehesabu. Ntumba arobaini na moja. Yale matuta yako ya mviringo, nyasi zote zimefukiwa chini, mistari imenyooka. Sikujua watu wanakumbuka ulivyotaka mistari inyooke.

Jumanne, 11 Februari

Ufunguo unaning'inia shingoni kwa Clemens. Anachechemea, ana malengelenge mikononi, lakini anaupapasa kila dakika.

Bertilla ameniita pembeni. Anasema nikihamia mjini siku za kazi, mwezi ujao ufunguo unarudi kwangu. Nisipohamia, nibebe mifuko, kwa mshahara wa mbeba mifuko. "Mzee Adolfu, unaogopa nini Majengo?"

Nimemwambia kunguni.

Ukweli ni huu, na usimwambie Coleta. Kila jioni nikifungua mlango wetu nasema nimerudi. Pale chumbani Majengo nitamwambia nani?

Jumatano, 12 Februari

Nimeamua. Nabeba mifuko, nalala kwangu.

Kwa muda tu! Maana nimegundua kosa lilikuwa wapi. Nilimnywesha mtu asiye na mamlaka. Ignasi ni dereva. Mwenye kutoa ufunguo ni Bertilla. Kwa hiyo nimemwagiza Mary ndoo nne za Jumapili, na Bertilla nimemwalika. Safari hii nimekuwa makini, nimemwambia Mary hii si ya shamba, ni pombe tu. Mary akatazama paa letu, pale ambapo nyasi za kuezekea zimeoza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwa Kija.

Nadhani amekwenda kuazima ndoo.

Jioni hii nimepanda maharage kwenye ntumba, ile mbegu uliyoiacha kwenye kopo la majani ya chai. Yametosha matuta yote, na maharage matatu yakabaki. Nimeyarudisha kwenye kopo.

Nimerudi, Mama Coleta. Nikumbuke.