Mvua Bila Kibali

Idara ya Maji inayo furaha kuwatangazia wananchi kwamba, kuanzia msimu huu, mvua imewekwa rasmi chini ya usimamizi. Hakuna tena kunyesha ovyo. Kila chombo kinachopokea maji ya mvua, kiwe tangi, pipa au sufuria, lazima kiwe na kibali.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mkaguzi Mwandamizi wa Maji Yatokayo Juu. Mtaani wananiita Bwana Wingu. Nalichukulia kama heshima.

Wa kwanza kukaguliwa alikuwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, jina la mtaani Bi Sindano. Mabomba ya kwao yalikuwa makavu wiki ya tatu, jambo ambalo Idara ilikuwa ikilifanyia tathmini. Badala ya kusubiri tathmini kama raia mwema, yeye alikuwa amefunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, akauelekeza kwenye tangi jeusi juu ya matofali, na mdomoni mwa tangi akafunga kitambaa cha kuchujia. Kazi safi kabisa. Yaani kosa lilionekana tangu barabarani.

"Mama, kibali kiko wapi?"

"Cha tangi?"

"Tangi halina shida. Cha mvua."

Akanitazama juu hadi chini. "Baba, mama yangu mzazi yuko humo ndani, hainuki kitandani. Nabadilisha shuka mara mbili kwa siku. Nifulie nini, mate?"

"Hilo utaliandika kwenye fomu, sehemu ya maoni. Hapa juu jaza tarehe ambayo mvua itanyesha, na wingu litatokea upande gani."

"Nitajuaje mimi?"

"Ndiyo maana maombi mengi hukataliwa."

Nikaupiga lakiri mdomo wa tangi, usipokee hata tone. Nakiri kwamba bibi aliyekuwa ndani alipokohoa, niligeuka kutazama mlango. Lakini lakiri ilikaa sawa.

Kesho yake asubuhi Bi Sindano akaja ofisini kukata rufaa. Mkurugenzi alimpokea mwenyewe, maana hupenda kuonekana msikivu. Alikuwa ndiyo kwanza anamweleza juu ya mkakati shirikishi wa unyeshaji endelevu, mvua ikashuka. Tone likadondoka katikati ya meza. Katibu wake, bila kuambiwa, akaingia na ndoo, mabeseni mawili na birika la chai, akaweka kila kimoja mahali pake kama mtu anayeandaa meza nyumbani kwake.

Bi Sindano akavitazama vyombo. "Mheshimiwa, hivi navyo vina vibali?"

Mkurugenzi akacheka. Kisha akanigeukia nicheke naye. Nilikuwa nimeshatoa daftari.

"Wewe vipi?" akanifokea. "Huku si kukinga maji! Dari inavuja tu!"

"Hata bati langu linavuja," Bi Sindano akasema taratibu. "Ila linavujia tangini."

Tone jingine likalia ndani ya birika.

"Mkurugenzi," nikasema, "sheria haitaji dari. Inataja chombo."

"Basi toa vyombo!"

Vikatolewa. Haikuchukua dakika tano, maji yalikuwa yameshapita zuliani, yakaingia kwenye faili, yakavifikia viatu vyake vya ngozi. Akapanda juu ya kiti, akachuchumaa, akanitamkia niandike marekebisho ya sheria: *Kuvuja kwa mpangilio hakuhitaji kibali.* Akatia saini juu ya goti.

Bi Sindano akachukua nakala yake, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akatoka. Nikamfuata mbiombio kwenda kubandua lakiri. Kufikia adhuhuri tangi lilikuwa nusu, na ndoo ya kwanza niliibeba mimi hadi chumbani, kazi ambayo haimo kwenye majukumu yangu.

"Huyu ndiye Bwana Wingu?" bibi akauliza kutoka kitandani. "Kumbe mwenyewe mdogo hivi!"

Sasa mtaa mzima unavuja kwa mpangilio. Limebaki jengo moja tu linalovuja kiholela, nalo nimelibandikia notisi ya siku saba mlangoni mwa Mkurugenzi. Jana nilimkuta Mkurugenzi mwenyewe kwa Bi Sindano, amekuja kujifunza mpangilio, suruali imekunjwa hadi magotini, anashikilia ngazi huku mama huyo yuko juu akizoa majani kwenye mfereji.

"Shika vizuri, usizubae!" Bi Sindano alikuwa akimwambia.

"Ndiyo, mama," alijibu.

Nimeandika kwenye ripoti yangu kwamba mhusika anatoa ushirikiano.