Feni kwenye Kabati la Dagaa

Jumatatu, 13 Novemba 2023

Mvua tangu alfajiri. Mwezi ni giza, wavuvi wa Bangwe wamepata sana, na hakuna jua hata la kukaushia leso. Dagaa wa mke wangu, Leonia, wamelala chanjani chini ya turubai, wameanza kuchacha. Kabati langu la bati, lenye jiko la gesi chini na trei za wavu juu, limefanya kazi bandani mchana kutwa. Trei ya chini: mkaa. Trei ya juu: bado wanaogelea.

Mke wangu amenikumbusha kwamba Frida, mnunuzi wake wa Mwanga mjini, anakuja Alhamisi. Akikuta dagaa wabichi atahamia kwa mke wa Selestini, na harudi.

Selestini, jirani yetu, naye ana kabati la gesi. Lake ametia feni. Trei zote zinakauka sawasawa. Nimeona kwa jicho moja, kupitia uzio.

Nami nitie? Naogopa. Feni ikizima moto, gesi haizimiki. Inatambaa chini kimyakimya, inangoja cheche. Nyumba moja niliiacha ikiungua kule kwetu Baraka, ng'ambo ya ziwa, nikiwa mtumbwini na kamusi kwapani. Ya pili sitaki kuitazama.

Jumanne, 14 Novemba

Nimesoma kijitabu cha jiko mpaka ukurasa wa udhamini. Hakitaji feni popote. Ukimya huo unatisha.

Nimepata mkakati. Nimngoje Selestini alipuke kwanza. Simtakii mabaya, nataka ushahidi tu. Nimekaa barazani na ndoo ya mchanga, macho kwake. Hakulipuka. Akauliza ndoo ni ya nini. Nikasema nafukia sisimizi.

“Mwalimu,” akasema, “feni inataka bisibisi. Haitaki maktaba.”

Wanawake waliokuwa chanjani walicheka. Leonia alicheka kuliko wote.

Jumatano, 15 Novemba

Nimelipata! Ziwa lina feni yake, haikatiki umeme, haina waya wa kushika moto. Kila mchana upepo unapanda kutoka majini. Nimetoboa bati upande wa chini na kuligeuza kabati lielekee ziwani. Jioni Leonia ameipapasa trei ya juu. Imeanza kukauka. Ameniita Baba Agape kwa sauti ambayo sijaisikia tangu huyo Agape, binti yetu, aolewe.

Mvua imekatika kidogo. Milima ya kwetu imejitokeza ng'ambo, safi, kama iliyooshwa. Nimeitazama hadi ikafunikwa tena. Selestini sijamweleza kitu.

Alhamisi, 16 Novemba

Mwandiko huu usihukumiwe.

Upepo ulikuja mkali. Nilikuwa pembeni ya kabati, nikililinda. Nilisikia harufu kidogo nikamwambia Leonia ageuze dagaa wa chini, wameoza. Akainama, akaona moto umezimika. Akachukua kibiriti. Sikushtuka! Tumeishi mno hapa mwaloni, mitumbwi inapopakulia samaki; kwetu kila kinachonuka ni dagaa.

Frida alikuwa ndio kwanza anaingia. Alianza kuniamkia, shikamoo ikamfia mdomoni.

“Mama Agape, usiwashe hicho.”

Leonia akamwambia kwa upole, kijiti kimeshagusa ubavu wa kibiriti, kwamba ni dagaa tu, mwanangu.

“Dagaa nanunua kila siku. Hiyo ni gesi.”

Mimi, niliyeingoja saa hii tangu Jumatatu, nilifungua kinywa ukatoka upepo. Selestini ndiye aliyeruka uzio, akafunga mtungi, akamvuta Leonia nje ya banda. Leonia akaketi mchangani, kijiti bado vidoleni. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Vilikuwa baridi.

Frida amechukua dagaa wa mke wa Selestini. Amesema atapita Jumatatu, na kama ni wa kabati lile, hataki hata kwa bure.

Jumamosi, 18 Novemba

Jua jana lilichungulia, leo mawingu tena. Leonia anageuza dagaa chanjani na hasemi nami, isipokuwa amri moja: kabati liuzwe.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu wala la kabati. Lilikuwa la upepo. Na feni ni nini kama si upepo wa kununua? Basi nimeamua: sitatia feni. Swali limefungwa. Kinachotakiwa ni mahali ambapo upepo hauingii kabisa.

Kesho baada ya ibada Leonia anakwenda Ujiji kwa Agape, atashinda huko. Nimepima chumba chetu cha kulala. Kabati linaenea vizuri kati ya kitanda na ukuta, dirisha likishazibwa kwa turubai. Mlango nitauziba kwa blanketi. Nami nitajilaza papo hapo kitandani, kwa usalama, niulinde moto kwa karibu.