Malkia wa Kilima cha Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepinduliwa! Saa nne na robo asubuhi, niko masjala nabandika lebo kwenye majalada, saa janja ikatetemeka mkononi. Nikadhani ni ile tabia yake ya kuniamuru nisimame nijinyooshe. Wapi! Ujumbe: "Umepoteza nafasi ya kwanza, Kilima cha Tangi."

Siku arobaini na moja nimekuwa Malkia wa kilima hicho. Mita mia nne, kutoka ubao wa matangazo hadi tangi la maji. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Kila mwenye saa kama hii akipanda pale, setilaiti humpima na simu humpanga kwenye orodha. Juu kabisa, jina langu. Mimi, ambaye kazini hata kiti ninachokalia kina jina la mtu aliyestaafu!

Na aliyenipindua ni nani? Wifi yangu. Dada wa mume wangu, tumbo moja. Dakika tatu na sekunde nne. Saa yenyewe ana siku kumi tu nayo. Kanunuliwa na nani? Na mume wangu! Nimembana jioni hii, akasema alitaka mawifi tupate kitu cha kuongea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mapigo ya moyo nikiwa nimekaa: 118. Bosi aliuliza kama naumwa. Nikamwambia nimepoteza rekodi. Akaelewa kwamba nimempoteza Rekodi. Akasema poleni sana, niwahi nyumbani. Sikumsahihisha. Msiba ni msiba.

Jumanne, 4 Machi

Kilimani saa kumi na mbili asubuhi. Viatu vipya, kamba nimezifunga mafundo mawili. Nilianza kama mshale. Nikamaliza kama konokono mwenye mawazo. 3:31. Nikarudia. 3:47. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani alinipita, akanisalimia, akaniulizia hali ya nyumbani, na bado akatokomea kabla sijamaliza kumjibu. Bahati nzuri hana saa.

Kosa si langu. Upepo. Halafu kile kilima mwaka huu kimeongezeka.

Jumatano, 5 Machi

Anayetegemea miguu ni yule asiye na akili. Nimemsimamisha dereva wa pikipiki pale kwenye ubao wa matangazo. Akauliza naenda wapi. Nikasema kwenye tangi. Akauliza kufanya nini. Nikasema kushuka. Akanitazama sana, lakini akawasha.

Sekunde thelathini na nane! Nilipiga kigelegele peke yangu. Saa nayo ikatetemeka: "Je, ulikuwa kwenye chombo cha usafiri?" Nikabonyeza Hapana. Ikauliza tena. Nikabonyeza Hapana kwa nguvu. Ikafuta kila kitu. Saa niliyoinunua kwa jasho langu inaniita mwongo!

Kumbe kabla haijafuta, wifi alishaona. Akaandika kwenye kundi la familia: "Hongera wifi, naona umeota magurudumu." Mama mkwe akatuma vikatuni vya kucheka. Saba. Mume wangu akajitia kutafuta miwani yake, na miwani anayo usoni.

Sijutii. Kama pikipiki hairuhusiwi, barabara waliichonga ya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimegundua kuwa mtu yeyote anaweza kuchora kipande chake cha njia kwenye ramani na kukitangaza. Basi nimechora changu. Kinaanzia mlango wetu wa mbele, kinazunguka kona ya nyumba, kinapita chini ya kamba ya nguo, kinaishia mlango wa choo cha uani. Mita hamsini na tano. Jina lake Barabara ya Malkia. Nimekikimbia mara sita. Bora ya zote: sekunde ishirini na moja. Nafasi ya kwanza, kati ya mtu mmoja.

Mume wangu akauliza kuna raha gani kushinda ukiwa peke yako. Nikamwambia jua nalo liko peke yake, mbona hajaliuliza. Akarudi kwenye gazeti lake.

Nikatuma picha ya ramani kwenye kundi. Wifi akajibu kwamba atakuja kukijaribu. Nikamwandikia karibu sana. Uani ni kwangu, kamba ya nguo ni yangu. Atanifanya nini?

Ijumaa, 7 Machi

Lakini kilima bado ni chake, na kinaniwasha. Leo nimepata dawa. Nimemwalika wifi chakula cha mchana kesho, kisha saa kumi jioni tupande kilima pamoja, yeye na mimi, mama mkwe akiwa shahidi. Amekubali upesi, na vikatuni vya maua ameniwekea.

Mpango: nimshibishe hadi asiweze kuinama kufunga viatu. Mimi nitakula matango. Mume wangu ameona sufuria kubwa kabisa mezani, akauliza maharage yote yale ni ya nani. Nikasema upendo haupimwi. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike taratibu.

Wifi amefika saa saba na mama mkwe. Nikampakulia. Akamaliza. Nikampakulia. Akasema asante, ametosheka. Nikamwambia basi hapendi mkono wangu. Akala. Sahani ya tatu nikamwekea kijiko kwa kijiko, huku namsifu rangi. Mama mkwe alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akasema miaka kumi na moja amekuwa akiomba aione siku hii.

Ni kweli maharage hayakuiva sawasawa. Niliamka nikafanya mazoezi ya kuruka kamba, nikayabandika nimechelewa. Mtu hawezi kuwa jikoni na kwenye historia kwa wakati mmoja.

Saa tisa na nusu wifi akasukuma sahani pembeni. Akashika tumbo. Jasho. Akainuka kuelekea choo cha ndani, akakuta kimefungwa. Mume wangu yumo. Na gazeti. Akagonga. Kaka yake akajibu subiri. Akagonga kwa mikono miwili. Akajibu kwamba ndiyo kwanza yuko ukurasa wa michezo.

"Wifi, kingine kiko wapi?"

"Uani, zungukia mlango wa mbele!" nikasema. Nilisema mimi. Kwa mdomo wangu.

Sijawahi kuona binadamu akikimbia vile. Kona ya nyumba aliikata kwa bega. Chini ya kamba ya nguo aliinama bila kupunguza mwendo, shuka langu la maua likaondoka naye. Mlango ukalia paa! Kisha saa ikatetemeka mkononi mwangu.

"Umepoteza nafasi ya kwanza, Barabara ya Malkia." Sekunde kumi na tatu.

Saa yake inajiwasha yenyewe mwenyewe akikimbia. Nani anatengeneza vitu vya namna hii?

Mashindano ya kilima yakafutwa. Nikamwomba mama mkwe anitangaze mshindi, kwa kuwa mpinzani hakutokea uwanjani. Akasema nione haya. Nikaona kidogo.

Nikamchanganyia wifi maji ya chumvi na sukari, nikamlaza kwenye kochi. Nikakaa miguuni pake. Tukawa wawili tu. Akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia. Tangu ahamie chumba chake cha peke yake, akirudi kazini hakuna anayemuuliza ameshindaje. Jioni saa inapotetemeka na kumwandikia hongera, huiitikia kwa sauti. Na kile kilima alikipanda kwa sababu moja.

"Niliona jina lako liko juu peke yake," alisema. "Nikataka langu likae karibu."

Nikamsugua mgongo. Mapigo ya moyo: 72. Sijawahi kuwa na 72 nikiwa na mtu wa ukoo ule. Nikajiona mwanamke mbaya kwa dakika nne nzima.

Dakika ya tano nikamuuliza, kwa upole, kama angekuwa tayari kuifuta ile ya sekunde kumi na tatu, kwa kuwa ilikuwa ugonjwa na si riadha.

Akafumbua jicho moja. "Hiyo, wifi, naichapisha naitundika ukutani."

Ugomvi umerudi. Nilijisikia nafuu kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu ameamua tutembee watatu, yeye, mimi na dada yake, saa zote zibaki kabatini. Ameweka ufunguo mfukoni mwake. Tumetembea hadi darajani na kurudi. Wifi amepona, anachekesha. Ametuigiza kaka yake akijibu subiri, tumecheka hadi tukaketi chini. Hewa nzuri. Tulishikana mikono kuvuka barabara. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Na haikuhesabiwa! Kilomita nne, maji mchangani. Nani atajua nilitembea?

Jumatatu, 10 Machi

Sasa nimeelewa. Nilikuwa napigana kwenye uwanja usio wangu. Kukimbia ni kipaji cha ukoo wao. Leo nimesoma kijitabu cha saa hadi ukurasa wa mwisho. Hii saa inapima usingizi! Inatoa alama, na inapanga watu kwenye orodha. Wifi ana alama 81. Mimi 64, lakini hiyo ni kabla sijajua kuwa ni mashindano.

Nimefunga mapazia. Nimevaa soksi. Mume wangu ameingia kuuliza kwa nini nimelala na jua bado liko juu ya bati. Nimemwambia atoke, ananipotezea muda.

Saa kumi na moja jioni. Nimeshafumba jicho moja, hili jingine namalizia kuandika. Jiandae, wifi. Kesho utaamka mtu wa pili.