Vikaratasi vya Marehemu Mansur

Jumanne, 25 Machi

Leo mdomo wangu umeniponza tena.

Ilikuwa baada ya Alasiri, barazani msikitini. Saumu imetukausha, wazee wamejinyoosha mikekani, kila mtu anangoja magharibi. Mazungumzo yakaingia kwenye vyakula, kama kawaida ya watu wenye njaa. Mmoja akasema Idd ya siku hizi haina ladha. Vitamu vinatoka Mombasa ndani ya makopo ya plastiki, vyote ni kitu kimoja. Ndipo Nuh, mwenye hoteli ya chai pale njia panda ya Minjila, akalitaja jina la Mansur. Wazee waliolala wakaketi.

Mansur alikuwa mwoka mikate wetu hapa Garsen, mzaliwa wa Kipini. Mwaka mzima aliuza mikate, lakini ikifika Idd alifanya vikaratasi tu. Unga uliokunjwa na samli, ukasukumwa, ukakunjwa tena. Ndani nazi, sukari na iliki. Juu shira. Ukikivunja, tabaka zinaachana kama kurasa. Sisi watoto tulizila moja moja, tukishindana cha nani kina nyingi. Mama alinituma na sahani ya bati, nami nilikwenda mapema kuliko nilivyotumwa, nisimame chini ya dirisha lake ninuse.

Sasa Mansur hayupo. Tanuri lake lilikwenda na mafuriko. Hakuacha mtoto wala mwanafunzi.

Nuh akasema vikaratasi vimezikwa na mwenyewe. Nikajisikia nikisema havikuzikwa. Mimi ninavijua. Mansur alinifundisha kwa mkono wake.

Ukweli ni kwamba Mansur hakunifundisha kitu. Mara pekee niliyoingia jikoni kwake alinitoa kwa mwiko. Lakini wazee walinitazama kama mtu aliyetoka kuhiji. Mmoja alinishika mkono asiuachilie. Nikaahidi sinia zima asubuhi ya Idd.

Nuh alinitazama. Alitabasamu. Nilisoma naye darasa moja. Tabasamu lile nalijua.

Jumatano, 26 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mimi ni fundi wa simu, na katika simu ya mteja, nilipokuwa nikijaribu kioo kipya, ikatokea video ya binti mmoja jikoni kwake. Anafungua pakiti. Anatoa unga uliokandwa tayari, uliokunjwa tayari, umegandishwa kama barafu. Anaukata. Anatia vitamu, anafunga, anaoka. Vinavimba. Tabaka kwa tabaka!

Hakukanda. Hakukunja. Hata jasho hakutoka.

Nikampigia Kiti, anayeendesha lori la barafu kutoka Malindi kwa ajili ya wachuuzi wa samaki. Nikamwambia aingie supamaketi aulize unga unaoitwa pafu. Akauliza ni wa nini. Nikasema ni siri ya familia.

Mke wangu Kadra alisikia. Akaniuliza kwa nini nisirudi barazani kesho niseme nilikuwa natania. Nikamwambia mtu hatanii barazani msikitini. Akasema wala hasemi uongo. Nikaondoka nikaenda kutawadha.

Alhamisi, 27 Machi

Mzigo umefika ndani ya barafu ya Kiti. Boksi lina picha ya kitamu kilichovimba na kung'aa. Nimeitazama picha ile muda mrefu. Si kikaratasi hasa, lakini ni jamaa yake.

Sisi hatuna friza. Nikaenda kwa Halkano, mwenye bucha, anayeuza pia maziwa baridi ya ngamia. Nikamwomba anihifadhie boksi limefungwa gazeti. Akataka kujua ni nini, maana friza yake ina nyama halali. Nikamwambia ni gundi ya kufungia vioo vya simu, haitaki joto. Akaliweka chini ya miguu ya mbuzi.

Kurudi nikapita pale palipokuwa na duka la Mansur. Sasa ni kituo cha bodaboda. Vijana wamekaa juu ya pikipiki wanatazama simu. Nikasimama mahali penye dirisha lile. Nilidhani labda harufu imebaki kwenye udongo. Ilikuwa petroli. Kijana mmoja akaniuliza, mzee, twende? Nikamwambia ninapotaka kwenda hapafikiki kwa pikipiki. Akasema hakuna mahali hapafikiki, bora tuelewane bei.

Ijumaa, 28 Machi

Nuh ni adui.

Baada ya swala ya Ijumaa alinifuata, akanipongeza mbele ya watu. Kisha akasema amempigia simu Bi Batula, mjane wa Mansur, huko Kipini. Amempa habari njema kwamba mkono wa mumewe haukupotea. Bi Batula alilia kwenye simu. Anakuja kesho.

Nikasema alhamdulillahi.

Nyumbani nikamwambia Kadra kwamba itabidi nisafiri hadi Ozi, mjomba wangu ni mgonjwa. Kadra akasema mjomba alipiga simu adhuhuri, mzima kabisa, anauliza tutamletea nini Idd. Akaongeza kwamba Bi Batula atalala kwetu, ameshamwandalia kitanda cha binti yetu Abdia. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa yule mama.

Jumamosi, 29 Machi

Amefika. Nilimkumbuka mnene, mwenye sauti ya kuita mtaa mzima. Sasa ni mdogo, mwepesi, mkono wake ukiushika ni kama kushika ndege. Lakini Kiswahili chake ni kile kile cha Kipini, kinateleza. Sisi wa Garsen tunakivunja kama kuni.

Alinishika uso kwa mikono miwili. Akasema hanikumbuki, lakini watoto walikuwa wengi dirishani. Kisha akafungua kanga, akatoa mti wa kusukumia wa Mansur. Mweusi, umelainika katikati kwa viganja vyake. Niliugeuzageuza mikononi. Nilikuwa nimewahi kuuona kwa mbali tu, ukienda na kurudi nyuma ya moshi.

Akaniambia kula kwake si muhimu. Meno hana. Anachotaka ni kukaa jikoni kesho atazame unga ukikandwa na kukunjwa. Amekitamani kitu hicho tangu alipofiwa.

Nikasema bila shaka, mama.

Unga wangu umeshakandwa na mashine, sijui nchi gani. Nitakunja nini?

Jioni stima imepotea mji mzima. Nimemfikiria Halkano na friza yake. Sikuweza hata kumaliza uji wa futari.

Jumapili, 30 Machi

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Stima ilirudi asubuhi. Nikaenda mbio kwa Halkano. Akanirudishia boksi limelowa, akasema gundi yangu imelainika, na inanuka siagi. Nikamwambia gundi za kisasa ndivyo zilivyo.

Nikauingiza unga bafuni, nikautoa kwenye boksi, nikautia bakulini na kuunyunyizia ngano juu ili uonekane umeanza hapa hapa. Boksi nikalitupa nyuma ya ua. Kisha nikaenda jikoni, uso wa mtu mwenye kazi yake.

Bi Batula alikuwa mkekani, mgongo ukutani. Pembeni yake, juu ya kigoda changu mwenyewe, Nuh. Amekuja kumsalimia mama, anasema.

Bi Batula akauliza samli iko wapi. Sikuwa na samli. Unga ule hauitaki. Kadra akaenda kimya kwa jirani, akarudi na kopo. Nikalipokea kama mtu aliyelitarajia.

Kisha nikakanda. Nilifanya nini kingine? Yule mama alikuwa akinitazama kama watu wanavyotazama mwezi. Nikaukanda unga wa Malindi kwa ngumi mbili. Tabaka zote zile zilizokunjwa na mashine, nilizihisi zikifa chini ya vidole vyangu.

Bi Batula akaanza kusema, taratibu. Akasema Mansur hakukanda sana.

"Akishaushika, huuwacha, mwanangu. Huufunika kitambaa kibichi, akauweka kando ya mtungi wa maji upoe. Unga ukiwa na moto, samli itakimbia."

Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa nasukuma.

Nuh akauliza, "Na samli yenyewe, mama? Ya dukani?"

"La. Ya ng'ombe wa Waorma, iliyoganda. Usiiyayushe. Yapakwa kwa mgongo wa kijiko, nyembamba. Kisha wakunja mara tatu kama kitambaa cha mfukoni, wageuza, wangoja. Siri yake ni kungoja. Mansur alikuwa akikunja mara moja, akenda kuswali, akirudi akikunja tena."

Akaendelea hivyo, sijui hadi wapi. Mambo ya chumvi na ndimu, na nazi kukaangwa kavu kwanza. Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Nilimwomba Mungu moyoni amnyamazishe kidogo, mtu afanye kazi. Na maswali ya Nuh hayakuisha. Ndimu kiasi gani. Kungoja hadi lini. Ana kazi gani nayo, mtu wa chai na mahamri?

Hapo ndipo mbuzi wa jirani alipopita mlangoni akitafuna boksi. Picha ya kitamu ilikuwa nje ya mdomo wake, inang'aa. Kadra akamfukuza kwa ufagio. Bi Batula macho yake hayaoni mbali. Nuh yake yanaona. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamrudia mama na kumuuliza kuhusu iliki.

Nikaoka kwa sufuria, mkaa juu na chini. Havikuvimba. Vililala kama kandambili.

Magharibi mwezi umeonekana. Watoto wanapiga kelele nje. Kesho Idd, na mimi nina sinia la mawe.

Jumatatu, 31 Machi, Idd

Wazee walikuja wote barazani kwetu baada ya swala, kanzu nyeupe, manukato. Kadra alikuwa amemimina shira mara mbili ili vilainike. Havikulainika. Mzee aliyenishika mkono siku ile aliuma, akasimama, akakitoa mdomoni kwa heshima, akakitia kwenye chai. Wengine wakaiga. Kwa muda ilisikika midomo tu ikifyonza. Mmoja akasema, kwa uangalifu, kwamba sukari imekolea. Watoto walivipenda. Waligonganisha kimoja na kingine, chenye kuvunjika kimeshindwa.

Nilimtazama Bi Batula. Alichovya chake, akala kipande kidogo, akafumba macho. Nuh alikuwa karibu. Nilijua sasa ndiyo aibu yangu.

Akasema, "Hivi si vya Mansur."

Wazee wakaweka vikombe chini.

"Lakini jana," akasema, "ulipoinama ukasukuma, na moshi ule, nilimwona. Mgongo ule ule. Nilimwona kabisa, mwanangu. Mungu akulipe."

Akalia, akacheka, akaomba chai tena. Wazee nao wakaanza. Mmoja akamkumbuka Mansur akimfukuza fisi kwa koleo la mikate. Mwingine akakumbuka mwaka ule wa njaa, alipogawa vikaratasi nusu nusu ili kila nyumba ipate. Mimi nikakumbuka sahani ya Mama, ilikuwa na ua jekundu, na nilivyokuwa nikilamba shira ukingoni kabla sijafika nyumbani. Mama alijua, kwa sababu ua lilikuwa linang'aa. Hakusema kitu. Tulikaa hadi adhuhuri. Ilikuwa Idd nzuri kuliko zote nilizoona tangu utotoni, na hakuna aliyekula kitu.

Jioni Bi Batula alirudi Kipini. Mti wa kusukumia hakuurudisha kwenye kanga. Alimpa Nuh. Sikuelewa. Labda alimwonea huruma, maana jana alikaa saa zote zile hana la kufanya ila kuuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi Kadra aliniambia niende kwa Nuh. Hakusema kwa nini. Nikaenda kwa pikipiki. Kabla sijafika, ikanijia harufu.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya hoteli hadi barabarani. Nilishuka nikasimama nyuma kabisa. Sikutaka isogee haraka. Nilipofika, Nuh mwenyewe alinipa kimoja mkononi, juu ya kipande cha gazeti, akakataa nilipie. Nikakivunja. Tabaka zikaachana kama kurasa.

Nilikula moja moja. Nilikuwa chini ya dirisha, na sahani ya bati, na Mama yuko nyumbani ananingoja. Nikageuza uso kutazama lori lililopita, lakini Nuh aliona. Akasema kwa upole, "Karibu jikoni, fundi. Nitakuonyesha yote aliyosema mama." Nikamshukuru. Nikamwambia nina simu za watu.

Njiani nikapiga hesabu, mambo yakawa wazi. Siku ile ya mbuzi, Nuh aliliona boksi. Amekwenda kutafuta la aina bora. Langu lilikuwa la rahisi, na ndiyo maana vikaratasi havikuvimba.

Nimempigia Kiti. Nimemwomba achunguze kule Malindi ni pakiti gani Nuh ananunua. Kiti akasema hajawahi kumwona Nuh Malindi. Nikamwambia wajanja ndivyo walivyo.

Idd ya Kuchinja haiko mbali. Nimepita barazani baada ya Alasiri. Nimewaambia wazee kwamba safari ijayo wasile kwao. Nitawapikia halua ya Lamu, ile ya zamani. Naijua kwa mkono wangu.